Panga Likinyanyuliwa: Mkulima na Viumbe wa Msitu wa Amani

Mazungumzo kwa wakulima wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza



Mkulima wa Usambara Mashariki haishi mbali na msitu, bali huishi katika pindo lake. Iliki yake hustawi chini ya kivuli cha miti mikubwa, mikarafuu yake husimama karibu na mpaka wa hifadhi, na njia yake ya kwenda mtoni hupita vichakani. Kukutana na kiumbe wa mwituni ni sehemu ya siku yake ya kazi. Lililo muhimu ni kujua mkono ufanye nini wakati panga limekwisha kunyanyuliwa.

Kinyonga ndiye pengine aliyeonewa kuliko wote. Wapo wanaoamini kwamba mate yake huua, na wapo wanaomhesabu kuwa kisirani. Hivyo hupigwa mawe kabla hajamaliza hatua yake ya pili. Ukweli ni kwamba kinyonga hana sumu ya kumdhuru mtu. Ulimi wake mrefu ni wa kunasia wadudu, na anapojivimbisha huwa anaogopa tu. Milima ya Usambara ina aina za vinyonga zisizopatikana penginepo duniani. Mwaka 2006 wataalamu walipotenga kundi jipya la vinyonga wa Afrika Mashariki, waliliita Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili. Mkulima anayemwacha kinyonga apite hapotezi kitu, na wadudu wa shambani hupungua.

Mimea nayo ina hadhi yake. Juu ya miamba yenye kivuli, kandokando ya vijito, huota ua dogo la zambarau ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa jina la Saintpaulia. Jina hilo lilitokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliandika maelezo yake ya kwanza ya kisayansi. Leo vizazi vya ua hilo hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, ilhali katika makao yake ya asili hufa pale mti unaolifunika unapokatwa. Anayeacha kivuli kwenye miamba na kingo za mito hulinda ua na maji kwa pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji.

Limebaki jambo zito zaidi, nalo ni nyoka. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu hiyo ina msingi, lakini hofu isiyo na maarifa huua zaidi. Nyoka wengi humkimbia mtu wasikiapo kishindo cha miguu. Kifutu hafanyi hivyo: hutegemea rangi yake inayofanana na majani makavu, akatulia kimya mpaka akanyagwe. Kwa sababu hiyo, mchuma iliki avae buti, atangulize fimbo kabla ya kuingiza mkono chini ya majani, na usiku asitembee bila taa. Nyumbani, rundo la kuni na mabaki ya nafaka huvuta panya, na panya humwita nyoka.

Ajali ikitokea, kila dakika ina thamani. Aliyeumwa atulizwe, asikimbie. Pete, bangili na saa zivuliwe kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungwe gango ili kisitikisike, kisha mgonjwa abebwe haraka hadi kituo cha afya. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, lisipakwe mafuta ya taa, wala kiungo kisikazwe kwa kamba; kamba hukata damu na inaweza kumpotezea mtu mkono au mguu. Swila akitema sumu machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha mgonjwa apelekwe kwa mganga wa zahanati. Nyoka asifuatwe ili auawe na kupelekwa hospitalini, kwa maana wengi wameumwa katika kumfukuza. Yatosha kukumbuka umbo lake, rangi yake na saa aliyouma.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na limeweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitafikiwa Geneva peke yake. Litafikiwa pale familia itakapochagua kituo cha afya kwanza, badala ya kumaliza saa nyingi kwa mwenye jiwe la nyoka. Kila kijiji kinaweza kuanza leo kwa kukubaliana mambo matatu: ni nani mwenye pikipiki au machela ya kumbeba mgonjwa usiku, ni njia ipi ipitikayo wakati wa mvua, na ni kituo kipi kilicho na dawa ya kuzuia sumu. Afisa mtendaji wa kijiji na mganga wa zahanati ndio wa kuulizwa, nao waulizwe kabla ya ajali.

Msitu utaendelea kuleta wageni shambani. Mkulima anayewajua atamwacha kinyonga apite, ataliacha ua kivulini, atampisha nyoka njia, naye jioni atarudi nyumbani salama na kapu lake la iliki.