Tulisoma Pamoja: Habari za Nyumbani ni Amana

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika kikao cha kuukaribisha mwezi wa Ramadhani)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T), Mola aliyetupa uhai na ambaye kwake ndiko marejeo yetu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zetu, maustadh, ndugu na dada zangu katika imani. Nimepewa mada ambayo ukiisikia mara ya kwanza waweza kuuliza, hii nayo ni mada ya dini? Nimeambiwa nizungumze juu ya sisi tuliosoma pamoja: habari tunazopeana za nyumbani, kumbukumbu zetu, na namna tunavyofarijiana tunapofikwa na misiba. Mimi nasema ni mada ya dini tena sana, na Inshaallah mkinivumilia kidogo mtaona.

Kwanza tujue sisi ni nani. Wengine tulianzia madrasa Kitale, wengine Bungoma, tukakutana kwenye mashindano ya Qur'an na kambi za likizo mpaka tukawa kama darasa moja. Tumekaa mkeka mmoja, tumechapwa na fimbo moja. Wengi wetu ni wale wa kidato cha nne cha mwaka wa 2020, ambao mtihani wao ulisukumwa na korona hadi Machi na Aprili 2021. Mnakumbuka karatasi za mwisho tulizifanya tukiwa tumefunga.

Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. Yuko aliye Chuo Kikuu cha Kibabii, yuko wa Eldoret, yuko wa Nairobi. Yuko anayeendesha bodaboda pale Kiminini, na dada zetu wawili wako Saudia kwa kazi za nyumbani. Kutawanyika huku hakukuanza na sisi. Waulizeni wazazi wa Webuye ni familia ngapi zilihama kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa mwaka wa 2009. Waulizeni wa Mlima Elgon, ambako mapigano ya mwaka wa 2006 hadi 2008 yaliua mamia ya watu na kuwatoa maelfu makwao. Wapo waliochukuliwa wakati ule na hawakurudi, na familia zao mpaka leo hazina kaburi la kuzuru.

Kwa hiyo mtu akishaondoka, kinachomfunga na nyumbani ni habari. Nani ameoa, nani amejifungua, mvua imefika au bado. Na habari ndogo hubeba mambo makubwa. Kwetu Kitale mtu akikwambia mvua ya kupandia mahindi imekawia, amekupa habari ya karo ya ndugu zako wote. Mwaka wa 2025 serikali ilipokodisha kiwanda cha sukari cha Nzoia kwa kampuni binafsi, wenzetu wa Bungoma ambao baba zao wanalima miwa ndio waliotueleza jambo lile lina maana gani kwa mkulima.

Sasa basi, nasema habari hizi ni amana. Na amana ya kwanza ni ukweli wake.

Ngoja niwape kisa. Mwenzetu mmoja aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki karibu na Kamukuywa. Mtu akapita pale, akaona damu, akaitambua pikipiki, akatuma ujumbe: fulani ametutoka. Nusu saa haikuisha, habari ilikuwa imefika Mombasa na Jeddah. Watu wanaandika Inna lillahi, wanatumiana picha zake za zamani, wanamuombea pepo. Mamake alikuwa soko la Chwele akiuza vitunguu. Mteja akamwambia, "Mama, pole kwa msiba." Yule mama akaanguka pale pale. Na kijana mwenyewe yuko hospitali, amevunjika mguu, anaomba maji! Leo anatembea, alhamdulillahi, lakini mamake tangu siku ile anameza dawa za presha.

Surat Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Tunaisoma kila mwaka katika Ramadhani. Basi tuwe na utaratibu: habari ya kifo itoke kwa watu wa nyumba ile kwanza. Kama hujamsikia baba, kaka au jirani yao wa karibu, nyamaza. Wewe ukichelewa saa moja kuandika, hujampunguzia marehemu kitu. Ukiwahi na uongo, umeua mtu aliye hai mbele ya mamake.

Ndugu zangu, msiba wa kweli nao hufika. Na hapa pana jambo ambalo sisi Waislamu wa huku magharibi tunalijua vizuri, kwa sababu tunaishi na jamaa na majirani wasio Waislamu, na wengine tumezaliwa nyumba moja nao. Kwa wenzetu mazishi huchukua siku nyingi. Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa alifariki London tarehe 23 Agosti 2003, akazikwa Kitale mwezi wa Septemba. Ni desturi yao, watu wafike, wachange, wazungumze. Sisi mtu akifa usiku, Adhuhuri ameshaoshwa, amevishwa sanda, ameswaliwa na yuko kaburini. Kutoka Nairobi hadi Kitale ni karibu kilomita 380. Kwa hivyo aliye mbali karibu kila mara atachelewa. Tuliosoma nao shule ya msingi wanatuuliza, "Mbona mmemzika rafiki yetu kabla hatujafika?" Tuwaeleze kwa upole, tena tuwakaribishe waje hata kesho yake. Na wao wakifiwa tuende tuwape pole, tusingoje mpaka sisi ndio tuwe wafiwa.

Aliyechelewa afanye nini? Mtume (S.A.W) ametuonyesha. Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyewapa hifadhi masahaba waliohama Makka, alipofariki kule kwao, Mtume aliwatangazia watu siku ile ile, akatoka nao, akawapanga safu, akamswalia kwa takbira nne. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wanaikubali swala ya aliye mbali. Tazameni mpangilio wake: habari ilitolewa ikiwa ya kweli, ikatolewa mapema, na ikafuatwa papo hapo na kitendo.

Tulilionja jambo hili mwaka wa 2020. Kuanzia tarehe 6 Aprili, Nairobi ilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia, hadi Julai. Misikiti ilifungwa, Ramadhani ile hatukuswali tarawehe jamaa msikitini, na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Mwenzetu alifiwa na babake Kitale naye yuko Nairobi kwa mjombake, mtoto wa miaka kumi na saba. Hakuona jeneza wala kaburi. Ameniruhusu niseme alichoniambia. Anasema jumbe za pole zilikuwa nyingi hata hakumaliza kuzisoma, lakini anazikumbuka simu mbili tu: ya kijana aliyemwelezea kaburi lilivyo, liko upande gani wa mti, nani aliingia mwanandani kumpokea mzee, na ya ustadh aliyekaa naye kwenye simu wakasoma Yasin pamoja mpaka mwisho. Wallahi, hiyo ndiyo rambirambi.

Hapa ndipo lilipo neno langu la leo, na kama mtasahau mengine msilisahau hili. Kuandika "Inna lillahi" ni kheri na ni sunna kulitamka neno hilo. Lakini lisiwe ndio mwisho. Kila ujumbe wa pole uzae kitendo kimoja.

Kitendo gani? Alipouawa shahidi Ja'far bin Abi Talib katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W) aliagiza watu wa Ja'far wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Alikwenda nyumbani kwa Asmaa bint Umays, mjane, akawaita wale watoto akawakumbatia. Sasa tujiangalie. Kwetu mara nyingi mfiwa ndiye anayewapikia watu! Amefiwa asubuhi, jioni anatafuta gunia la mchele na kuni za kulisha waliokuja kumpa pole. Vijana wa mjini, hili ni letu. Sufuria moja ya pilau kutoka kila nyumba nne, mama mjane hatawasha jiko siku tatu.

Kitendo cha pili ni deni. Mtume aliletewa jeneza, akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa analo na hakuacha cha kulipia. Akawaambia masahaba wamswalie wao. Abu Qatada (R.A) akasimama akasema deni lile ni juu yake, ndipo Mtume akamswalia. Mwenzetu mmoja, fundi cherehani wa Bungoma, Allah amrehemu, alifariki akiwa na madeni matatu: kwa mwenye vitambaa, kwenye chama chao, na dukani alikokopa unga. Wenzake wa madrasa walikaa baada ya Isha wakayaandika kwenye karatasi. Kila mmoja alitoa alichoweza, wengine shilingi mia, wengine mia tatu, wakatumiana kwa M-Pesa. Kabla mwezi haujaisha mjomba wa marehemu alikwenda duka kwa duka na ile karatasi akazikata zote. Mwenye duka, ambaye si Muislamu, akauliza, "Dini yenu ndivyo inavyosema?" Mjomba akamjibu, "Ndivyo."

Cha tatu ni wale waliobaki. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Watu huja siku tatu za kwanza wakajaa uani, siku ya ishirini hakuna hata wa kumpelekea sukari. Dada zangu, nyinyi ndio mnaoweza kuingia ndani mkakaa naye. Na mtoto yatima ana vitabu na sare za kununuliwa kila Januari.

Niseme kidogo juu ya kumbukumbu. Tunapenda kucheka tukikumbuka nani alilala darasani, nani alificha juzuu ili asisomeshwe. Si vibaya, undugu hukaa kwa mambo hayo. Lakini aliyekufa tumtaje kwa mema yake, na aibu yake tuizike naye. Na wapo ambao tunawakumbuka kama marehemu nao wako hai. Maustadh wetu waliotushika vidole kwenye alifu na bee wengine ni wazee sasa, miguu imevimba, macho hayaoni msahafu. Mnangoja tangazo la jeneza ndio mseme alikuwa mwalimu mwema? Mwendeeni leo akusikie mwenyewe.

Namalizia na maombi manne kwa Ramadhani hii.

Kwanza, kila mmoja ampigie simu mwenzake mmoja ambaye hajazungumza naye tangu tumalize shule, bila kungoja pawe na msiba.

Pili, kila darasa liwe na daftari moja, na mtu mmoja Kitale na mmoja Bungoma wa kuthibitisha habari kabla hazijasambazwa.

Tatu, katika kumi la mwisho tuchange, hata shilingi hamsini, kwa ajili ya madeni ya wenzetu waliotangulia na mayatima wao.

Nne, siku ya Idi tukitoka kuswali, kabla ya pilau ya kwetu, tupitie kwa ustadh aliye mgonjwa na kwa nyumba iliyofiwa mwaka huu.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia tuliokaa nao mkeka mmoja. Yafanye makaburi yao kuwa mabustani, uwape subira wazazi wao, uwalinde walio safarini na ughaibuni, na utukutanishe sote chini ya kivuli chako siku isiyokuwa na kivuli ila chako. Amin.

Ramadhan Karim. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.