Kamera Inayoona Zaidi ya Jicho
(Maneno ya Mratibu wa Miradi katika kikao cha kamati za sharika na wafadhili)



Baadhi yenu mmetuuliza juu ya kamera ndogo zinazosemekana kutambua nafaka yenye sumukuvu kwa picha moja, na kama inafaa tuanze kuzichangia. Swali ni zito. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, mengi yakiwa ya mashamba yao wenyewe.

Kamera ya kawaida hupima rangi tatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Kamera za haipaspektra huugawa mwanga katika mikanda mingi zaidi. Kifaa cha Hyperion, kilichorushwa angani na Marekani mwaka 2000 na kufanya kazi hadi 2017, kilikuwa na mikanda 220. Ndiyo maana kamera ya namna hii huweza kuona jani linaanza kudhoofika kabla mkulima hajaona umanjano.

Taabu ilikuwa ukubwa na bei. Nyingi husoma mstari kwa mstari, hivyo ama kamera isogee ama kitu kisogezwe. Wanasayansi wakageukia vioo vyenye nguzo ndogo mno. Mwaka 2016 kundi la Federico Capasso, Chuo Kikuu cha Harvard, lilionyesha lenzi bapa ya nguzo za titani dioksidi zenye kimo cha nanomita 600. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000! Ukibadilisha umbo la nguzo hizo, kila kipande cha kioo hupitisha mchanganyiko wake wa rangi. Vipande vikiwekwa juu ya kihisi cha kamera, picha inapigwa mara moja, kisha kompyuta inaufumbua mchanganyiko. Ni kama wapishi kadhaa kuonja mchuzi mmoja, kila mmoja na ulimi wake, halafu mtu wa pembeni akakadiria viungo kwa kusikiliza majibu yao.

Anakadiria, tunasema. Mwanga ukiwa hafifu, makosa huongezeka. Tena kamera huona zaidi ngozi ya punje. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja, na punje chache tu zaweza kuharibu gunia zima. Kuchambua punje zenye dalili za kuvu, kamera itasaidia. Kuchukua nafasi ya kipimo cha maabara, hapana.

Kwa hiyo tunashauri fedha za msimu huu ziende kwenye maturubai, vipima unyevu na mifuko isiyopitisha hewa, ili mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13 hivi kabla ya kuhifadhiwa. Akija mtu kuwauzia kamera, kamati zimuulize mambo mawili kabla ya bei: imejaribiwa kwa mahindi ya wapi, na majibu yake yalilinganishwa na ya maabara ipi.