Ushuru Ulipwe Mara Moja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Garsen)



Leo twataka kusema habari za ushuru wa mazao, maana ushuru huo wagusa ujira wetu.

Sisi kazi yetu ni kupakia na kushusha. Maembe na ndizi za kando ya mto, pamoja na ng'ombe wa wafugaji, hupita hapa Garsen kwenda Malindi na Mombasa. Mpakizi halipwi kwa mwezi, hulipwa kwa mzigo. Lori lisipokuja, nyumbani hakuna unga.

Tazameni basi safari ya embe. Likipakiwa, lalipiwa. Likivuka mpaka wa kaunti, laweza kulipiwa tena. Likifika sokoni, kuna ada nyingine. Mwenye lori hakubali hasara hiyo iwe yake: humkata mkulima bei, na sisi hutukata ujira. Na lori likisimamishwa geti baada ya geti, embe halingoji. Jua la Tana mwalijua.

Hatusemi kaunti isitoze. Zahanati zataka dawa, na dawa ni fedha. Tunalokataa ni kitu kimoja kutozwa mara mbili, bila risiti na bila huduma.

Neno hili hatukulibuni sisi. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 209, yaruhusu kaunti kutoza kodi ya nyumba na viwanja, kodi ya burudani, kodi nyingine iliyoidhinishwa na sheria ya Bunge, na ada kwa huduma inazotoa. Kisha yaonya kwamba uwezo huo usitumiwe kudhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti, wala mwendo wa bidhaa na wafanya kazi nchini. Kifungu cha 210 nacho chakataza kodi isiyowekwa na sheria.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, ushuru ulipwe mara moja, pale mzigo unapopakiwa, na risiti ile iheshimiwe mpaka sokoni. Pili, kila ada ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, pamoja na sheria yake. Tatu, fedha hizo zionekane sokoni: choo, kivuli na maji.

Ndugu zangu, wale wanaokaa getini nao ni wafanya kazi. Tusigombane nao. Kanuni ndiyo ya kurekebishwa, na kanuni hurekebishwa barazani. Kifungu cha 196 chataka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Mswada wa fedha ukiletwa, tusiseme tuko kazini. Kila kikundi cha wapakizi kichague mtu mmoja wa kuziomba risiti kwa madereva, aziweke na kuzileta kwa Katibu. Malalamiko bila karatasi ni kelele tu. Risiti tatu za mzigo mmoja ni ushahidi.

Umoja ni nguvu.