Soga za Marafiki Mtandaoni na Safari za Maneno ya Kiswahili



Nimeombwa nizungumzie lugha ya vijana katika zama za intaneti. Mada hiyo ni pana mno, na mzungumzaji wa rika langu akikabidhiwa aghalabu huishia kulalamika kwamba vijana wanaiharibu lugha. Naomba mniwie radhi nisilalamike. Nitaifinya mada hadi ifikie jambo moja, nalo ni soga: yale mazungumzo ya kirafiki yanayoandikwa kwa kompyuta au simu baina ya watu wanaofahamiana, yasiyo na mwenyekiti wala ajenda.

Soga hizo zina mada zake za kudumu. Nani atachukua jimbo? Kompyuta yangu imeganda, nifanyeje? Wimbo mpya umeusikia? Siasa, mashine na muziki. Sisi wanaisimujamii tumezoea kuzichunguza kila moja peke yake: huyu anaandika tasnifu kuhusu hotuba za kampeni, yule kuhusu istilahi za teknolojia, mwingine kuhusu mashairi ya Bongo Fleva. Hoja yangu leo ni kwamba katika soga mada hizo hazitengani, na pale zinapokutana ndipo maneno yanapovuka kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine na kubadilika maana njiani. Ushahidi wa uvukaji huo tunaupoteza, na tunaupoteza katika kipindi ambacho watu wanaweza kushtakiwa kwa maneno waliyoyaandika.

Nianze na maandishi yenyewe, kwa ufupi. Sote tumewahi kuona «cjui», «ctaki», «m2», «wa2» na «2taonana». Wengi huyaita uvivu. Hebu tuyatazame kama wanafonolojia. Herufi «c» inasomwa kwa jina lake la Kiingereza, nalo linalingana na silabi ya Kiswahili «si». Tarakimu «2» vilevile inasomwa kwa Kiingereza na kutupatia «tu». Katika «2taonana» silabi hiyo ni kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, lakini katika «m2» ni mzizi wa nomino. Mwandishi hajali tofauti hiyo ya kimofolojia, kwa kuwa anachokiandika ni silabi kama anavyoisikia. Lugha yetu, ambayo silabi zake nyingi huishia kwa irabu, inaukubali mtindo huo kwa urahisi. Hapa maarifa ya Kiingereza yanatumika kuandikia Kiswahili kilicho kamili kisarufi. Mtindo huu ulipata nguvu wakati ujumbe mfupi wa simu ulipokuwa na ukomo wa herufi 160 na kila ujumbe ulilipiwa. Ukomo huo haumbani mtu tena, lakini mtindo haujatoweka, kwa kuwa sasa unaashiria ukaribu. Mkwe haandikiwi «cjui».

Sasa niingie katika kiini cha mada kwa kufuata kitenzi kimoja, «kuchakachua». Kilisikika sana nchini Tanzania kwa maana ya kuchanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa, ambayo yalikuwa na bei nafuu kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Maana yake ya msingi ilikuwa wazi: kutia kitu hafifu ndani ya kitu halisi, kisha chote kikauzwa kama halisi.

Ukaja Uchaguzi Mkuu wa tarehe 31 Oktoba 2010, na kitenzi kikahamia kwenye kura. Hakuna kamati iliyokaa kukihamisha. Tayari lugha ilikuwa na «kuiba kura», lakini wizi ni kuondoa, na watu walitaka kusema jambo jingine: kwamba ndani ya kura halali zimetiwa zisizo halali. Mafuta yalikwishatoa picha hiyo. Mara moja sarufi ikafanya kazi yake: uchakachuaji, mchakachuaji, kuchakachuliwa. Neno linapoanza kunyambulika hivyo, hujambo yake si ya mpita njia tena, limekwishapata uraia.

Halikuishia hapo. Wakati huohuo vijana wengi walikuwa wakiingia mtandaoni kwa vifaa vidogo vilivyoitwa modemu, vilivyochomekwa kwenye kompyuta. Modemu iliyouzwa na kampuni moja ya simu mara nyingi ilifungwa isipokee laini ya kampuni nyingine. Kuifungua kukaitwa «kuchakachua modemu», na aliyekuwa na ujuzi huo alitafutwa na marafiki kama fundi bingwa. Nitunge mfano, kwa maana soga za watu halisi si zangu kuzianika:

— Mambo! Matokeo ya jimbo lenu vipi?
— Yamechakachuliwa. Halafu modemu yangu imegoma.
— Si uichakachue!

Mnacheka, lakini tazameni kinachotendeka. Katika sentensi ya pili kitenzi kina laana. Katika ya tatu kina sifa. Maana ya kuchanganya imeondoka kabisa, imebaki ile ya kuingilia kitu kinyume cha matakwa ya aliyekiweka. Tazameni pia kauli ya kitenzi. Kura aghalabu huzungumziwa kwa kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi: zimechakachuliwa, na nani hatuambiwi. Modemu huzungumziwa kwa kauli ya kutenda, na mtenda hujitaja kwa fahari: nimeichakachua mwenyewe. Sarufi inaonyesha pale msemaji anapojiona ana uwezo na pale anapojiona hana. Kwa maoni yangu, jambo hili linatueleza mengi kuhusu raia kijana wa mwaka 2010 kuliko kurasa nyingi za uchambuzi wa hotuba za kampeni. Lakini haliwezi kuonekana na mtafiti anayechunguza siasa peke yake au teknolojia peke yake.

Kuhusu kompyuta kwa jumla nitapita upesi, kwani istilahi zake zimeandikiwa mengi. Tuna «kompyuta», ilhali madarasa ya Kenya yamezoea «tarakilishi». Tuna kipanya, tovuti na barua pepe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi iliyokuwa na menyu za Kiswahili, na kazi ile ilistahili heshima kubwa kuliko iliyopata. Hata hivyo, kamati hutupa nomino, na mtu aliyepatwa na tatizo huhitaji vitenzi. Vitenzi hivyo marafiki wamevitoa nyumbani na barabarani: kompyuta inaganda kama uji, inagoma kama gari au kama wafanyakazi. Neno «virusi» nalo lilipoingia kutoka Kiingereza lilisikika kama wingi wa ngeli ya KI-VI, kwa hiyo likaundiwa umoja «kirusi», njia ileile iliyotupatia «vitabu» kutokana na «kitabu» cha Kiarabu. Warusi na lugha yao watuvumilie.

Muziki unataka muda zaidi, na hapa sina budi kuvuka mpaka kwenda Kenya, kwa kuwa huko nyimbo mbili zilizopishana kwa takribani miaka ishirini zinatupa ulinganisho ambao mwanaisimu hawezi kuupita.

Mwaka 2002 kundi la Gidi Gidi Maji Maji lilitoa wimbo «Unbwogable». Mzizi wake ni kitenzi cha Kijaluo, «bwogo», kutisha. Viambishi vya mbele na nyuma ni vya Kiingereza. Maana yake ni asiyetishika. Muungano wa NARC uliuchukua ukawa wimbo wa kampeni, na katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002 KANU, iliyotawala tangu uhuru, ikashindwa. Neno likabaki midomoni mwa watu ambao hawakujua hata salamu ya Kijaluo.

Mwishoni mwa mwaka 2021 msanii Exray, akiwa na Trio Mio na Ssaru, akatoa «Sipangwingwi». Kambi ya William Ruto iliupenda na kuutumia katika kampeni za uchaguzi wa Agosti 2022, aghalabu katika umbo la wingi, «hatupangwingwi». Chambueni neno hili. Kuna «si-» ya ukanushi katika nafsi ya kwanza umoja, mzizi «pang-», kiambishi «-w-» cha kutendwa, na irabu «-i» ya ukanushi wa wakati uliopo. Hadi hapo ni «sipangwi», Kiswahili ambacho mtahini yeyote angekipa alama zote. Kisha silabi ya mwisho imerudiwa, na mkazo umesogea pamoja nayo ili ubaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama sheria yetu inavyotaka. Katika Sheng, kumpanga mtu ni kumghilibu au kumwamulia mambo yake. Neno la 2002 lilivaa viambishi vya Kiingereza. La 2022 limevaa vya Kiswahili tangu kichwani hadi miguuni, na umoja ukageuzwa wingi jukwaani bila mtu kuhitaji kufundishwa. Wanaodai kwamba Sheng inaua sarufi ya Kiswahili wangefanya vyema kulitafakari neno hilo.

Ndugu zangu, hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la kufurahisha tu. Mwaka huohuo wa 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ilitangaza orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya uchochezi. «Sipangwingwi» na «hatupangwingwi» yaliwekwa humo pamoja na «madoadoa».

«Madoadoa» kwa umbo ni neno lisilo na hatia. Chui ana madoadoa, na nguo iliyomwagikiwa chai pia. Lakini katika Bonde la Ufa lilitumika kuwaita majirani walioonekana wageni, na anayeita watu madoa amekwishadokeza kwamba wanapaswa kusafishwa. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, hakuna Mkenya mtu mzima anayeweza kulisikia jukwaani kana kwamba linahusu kitambaa. Hofu ya Tume ina msingi. «Sipangwingwi» halina historia ya namna hiyo. Rafiki anaweza kulitumia kumkataa mwenye nyumba anayepandisha kodi, kumjibu mpenzi, au hata kuitania kompyuta inayomlazimisha kujiwasha upya. Kuyaweka maneno hayo mawili katika orodha moja ni kudhani kwamba maana hukaa ndani ya neno kama punje ndani ya ganda.

Nchini Tanzania nako kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa hiyo si ajabu mmoja wenu, wanafunzi wangu, siku moja akaitwa mahakamani aeleze neno fulani katika soga lilikuwa tusi, tishio au utani. Atafungua kamusi gani? Kamusi zetu hutegemea sana vitabu na magazeti, na gazeti hulipokea neno likiwa limekwishavuka. Soga zenyewe hazipo. Yahoo Messenger, ambayo vijana wa mwanzoni mwa karne hii walikesha nayo katika vibanda vya intaneti, ilifungwa mwaka 2018. WhatsApp tangu 2016 huzifunga soga zake kwa msimbo asioweza kuusoma mtu wa kando, na hilo ni jema kwa watumiaji. Mwanaisimu hana haki ya kuchungulia.

Lililobaki ni kuomba. Naomba wanafunzi wa shahada za uzamili waanze na soga zao wenyewe, kwa ridhaa ya kila aliyeshiriki, majina yaondolewe na tarehe zibaki. Wasituletee orodha ya maneno ya ajabu, maana hizo tunazo za kutosha na zimetusaidia kidogo sana. Watuletee zamu nzima za mazungumzo: lililosemwa kabla, lililojibiwa, na aliyecheka. Na wasichuje siasa wakaacha muziki, au muziki wakaacha malalamiko ya betri na vifurushi.

Wapo humu ukumbini watu waliokuwa wanafunzi mwaka 2010. Nataka kujua kama «kuchakachua» kulifika kwenye modemu moja kwa moja kutoka kwenye mafuta au kulipitia kwenye kura kwanza, na jibu limo katika soga za miezi michache ya mwaka ule. Kama yuko aliyezihifadhi katika kompyuta ya zamani iliyotupwa chini ya kitanda, na bado inawaka, mlango wa ofisi yangu uko wazi.