MFANYA KAZI NA AJUE SHERIA, BEI NA SERIKALI
(Maneno waliyoambiwa wanachama mkutanoni Ndabibi)



Sisi tunaosema nanyi leo si mawakili. Tu watu wa reli. Kazi yetu ni kukaza boliti na kubadili mataruma, na masomo yetu yalikoma katika shule ya msingi ya misheni. Lakini twawasikia wenzetu wengi wakisema, "Sheria ni ya mawakili, bei ni ya matajiri, siasa ni ya wabunge." Maneno hayo yatutia hasara.

Alikuwapo mwenzetu mmoja, kibarua. Alifanya kazi miezi minane mfululizo, akilipwa kila jioni. Siku moja nyapara akamwambia, "Kesho usije." Akaenda zake, maana aliamini kwamba kibarua hana haki. Baada ya miaka minne akasikia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 yasema hivi: kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi ahesabiwe kuwa mfanya kazi wa mwezi, naye apewe taarifa ya siku 28 kabla ya kuachishwa, au malipo yake. Akaja kwetu mbio. Tulimjibu kwa huzuni, kwa sababu sheria hiyo hiyo yatoa miaka mitatu tu ya kushtaki. Haki yake ilikuwapo, ikampita kwa kuwa hakuijua.

Jambo hili si geni katika bonde letu. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota wa mashamba ya walowezi wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ile ya 1937 ikawazidishia walowezi nguvu juu ya siku za kazi na mifugo. Wazee wengi walitia kidole gumba katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Leo sheria yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na asiyeelewa lugha yake aelezwe na tajiri kwa lugha anayoielewa. Basi usitie kidole kabla ya kuelezwa.

Sasa habari ya bei. Jirani zetu wa Ziwa Naivasha hulima maua ya kuuzwa Ulaya. Machi 2020, Ulaya ilipofungwa kwa ajili ya korona, maua yalitupwa, na watu wengi wakarudishwa nyumbani. Kumbe ugali wa mtoto wa huku wategemea soko la Uholanzi! Tena, mshahara ukiongezwa shilingi 10 katika kila 100, na unga ukapanda shilingi 20 katika kila 100, usishangilie: kwa upande wa unga, umepunguziwa mshahara.

Na siasa je? Tarehe 1 Mei 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 12 ya mshahara wa chini. Lakini tangazo la uwanjani si sheria mpaka liandikwe katika Gazeti rasmi la Serikali. Amri hiyo hutolewa na waziri. Waziri huteuliwa na Rais na kukubaliwa na wabunge. Na hao wote huwekwa kwa kura zetu.

Wazee wetu wa Mombasa walilifahamu hili. Tarehe 13 Januari 1947 watu wa bandari, wa reli na wengineo, zaidi ya 10,000, waliacha kazi. Walikutana Kiwanja cha Maskini, wakazungumza juu ya mishahara na ugumu wa maisha. Serikali ikaweka baraza la kuchunguza, na mishahara ikaongezwa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo, akazuiliwa Kabarnet miaka mingi. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kuwa na chama na kugoma. Lakini mgomo wataka kwanza upatanishi, kisha taarifa ya siku saba. Wasiojua hayo huponzwa na haki yao wenyewe.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kila tawi litenge saa moja katika mkutano wa mwezi kusoma sheria kwa Kiswahili. Kila mtu aweke karatasi zake za mshahara. Na ukiachishwa kazi, njoo chamani wiki hiyo hiyo, usingoje miaka minne.

Umoja ni nguvu, lakini umoja wa wanaojua una nguvu zaidi.