Ruzuku Ndogo na Ujira wa Wasomaji wa Hati: Mfano wa Utafiti wa Muyaka bin Haji

Mada iliyosomwa mbele ya semina ya watafiti wa fasihi na wasimamizi wa ruzuku, Mombasa

Niliagizwa nieleze maana ya ruzuku ndogo za utafiti, aina zake na manufaa yake kwa wanaomchunguza mtunzi mmoja wa zamani. Maana yake kila aliye hapa anaijua. Ni fedha chache apewazo mtu mmoja kwa muda ambao aghalabu hauzidi mwaka, zimtoshe nauli, malazi na nakala za hati, pasina kumpa mshahara wala kumjengea ofisi. Ziko za safari, ziko za uhariri, ziko za uchapishaji, na manufaa yake hayana mzozo. Kwa idhini ya Mwenyekiti, basi, nitayapita hayo, niingie katika jambo ambalo kwa miaka mingi nimelitetea katika barua, katika vikao na katika ripoti, nalo ni ujira wa wazee wanaotusomea hati na kutufafanulia maneno yake.

Namchukua Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy kuwa mfano, kwa kuwa ni mwana wa mji huu, na kwa kuwa historia ya maandishi yake yenyewe ni shahidi wa ninayoyadai. Muyaka, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1776 na kufa mwaka 1840, aliishi katika zama za utawala wa Mazrui, wakati Mombasa ilipokuwa ikitetana na Lamu na kumpinga Seyyid Said, mtawala wa Omani, hata utawala huo ukaanguka mwaka 1837 naye angali hai. Mashairi yake ya vita, ya mahaba, ya mafumbo na ya kujibizana yalidumu vifuani mwa watu baada ya yeye kufa, na huenda yangalitoweka pamoja na watu hao lau asingalitokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akamfafanulia mmisionari William Taylor maneno na visa vyake, kisha akafariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zilikwenda London, zikahifadhiwa katika chuo cha SOAS. Kutokana nazo William Hichens akatoa diwani mwaka 1940, iliyopigwa chapa Johannesburg, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake, kilichochapishwa Nairobi. Kila aliyeandika juu ya Muyaka tangu hapo, nami nikiwamo, amekula katika sinia aliyoiandaa Mwalimu Sikujua.

Sasa nauliza, kwa taadhima yote: lau Mwalimu Sikujua angalikuwa hai leo, na mtafiti akaomba ruzuku ili akae naye miezi mitatu, jina lake lingaliandikwa katika fungu gani la makadirio? Fomu nyingi nilizozijaza zina fungu la mtafiti mkuu, la msaidizi wake, la mtaalamu mgeni na la vifaa. Mzee asiye na shahada huwekwa miongoni mwa watoa habari, na mtoa habari, kwa kanuni za fomu hizo, hupewa nauli na kiburudisho.

Wapo watakaosema kwamba hati ni hati, na mwenye kusoma Kiarabu ataisoma. Hili si kweli. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu, nasi tuna irabu tano, kwa hiyo kasra yaweza kuwa i au e, na dhamma yaweza kuwa u au o. Mwandishi wa zamani aliweza kuitumia herufi be kwa b, kwa p na kwa mb, na ghaini kwa g, kwa ng na kwa ng'. Zaidi ya hayo Kimvita hupambanua t ya meno na t ya ufizi, na huipa pumzi sauti moja na kuinyima nyingine, na maana hubadilika kwa hilo. Mizani haiamui, maana bata na pata zina silabi sawasawa; kina husaidia mwisho wa kipande, nacho hakisemi lolote juu ya neno lililo katikati. Kinachoamua ni sikio lililolelewa mtaani, na ilimu ya kujua ni nani aliyekuwa akijibiwa katika ubeti, kwa kisa gani, na neno gani la mabaharia au la wakulima lilikusudiwa. Ilimu hiyo ni ya watu wachache, ambao wengi wao ni wazee sana, na hatuna njia ya kuinunua baadaye kwa bei yoyote.

Siilaumu taasisi yoyote, na ninafahamu kwamba fedha za ruzuku ni amana na wakaguzi hawana budi kuuliza. Lakini mfadhili mmoja aliwahi kunitaka nilete wasifu wa kitaaluma wa mzee aliyekuwa akinisomea, na stakabadhi iliyopigwa chapa, na nambari ya mlipa kodi, na akaunti ya benki. Na nilipoeleza kwamba mzee huyo hana hayo yote ila ana ilimu ambayo sisi hatuna, fungu lake likafutwa, na la nauli ya ndege likabakia kamili. Matokeo ya kanuni kama hizo yanajulikana katika ukumbi huu ijapokuwa hayasemwi: mtafiti hukisia neno peke yake na kulichapisha kana kwamba ana yakini nalo, au humlipa mzee kwa fedha zake mwenyewe, au huandika ujira huo chini ya usafiri, na kanuni iliyowekwa kulinda uaminifu ikamlazimisha mtu mwaminifu kuandika uongo. Jambo hili linaniumiza, wala sioni sababu ya kulificha.

Kwa hayo napendekeza, kwanza, kila fomu ya ruzuku ndogo iwe na fungu la wasomaji wa hati, na ujira wao wa siku ulingane na wa mtaalamu mgeni. Pili, karatasi iliyotiwa sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili ikubaliwe kuwa stakabadhi, kadhalika ujumbe wa malipo kwa simu, ambao huonyesha jina, kiasi na saa. Tatu, msomaji atajwe kwa jina lake katika ripoti na katika jalada la kitabu, kwa ridhaa yake, wala asiitwe mtoa habari. Nne, mtafiti atakayelipiwa nakala za hati zilizoko ng'ambo aweke nakala moja katika maktaba ya mji huu, ili mzee asisomeshwe karatasi ambayo haioni tena mgeni akishaondoka. Tano, muda wa ruzuku uhesabiwe tangu siku fedha zilipopokewa, maana mara nyingi fedha huchelewa na tarehe ya kutoa hesabu haisogei, na kazi ya kwanza kukatwa huwa ni vikao vya kusoma. Sita, kila ruzuku imgharimie kijana mmoja wa hapa akae pamoja na mzee, si kubeba mikoba, bali kujifunza kusoma. Saba, na hili ni nyongeza ya lile la kwanza: ujira wa wasomaji utolewe mwishoni mwa kila juma la kazi, usingoje ripoti ya mwisho, kwa sababu umri wa wasomaji wetu hauruhusu kungoja.

Kamati ya ruzuku itazipitia fomu za mwaka ujao kabla ya semina nyingine kukutana. Naiomba iandike fungu la wasomaji wa hati katika mkutano wake wa kwanza, na nimeambatisha nyuma ya mada hii kielelezo cha maneno ya fungu pamoja na kile cha stakabadhi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, viwe tayari mkononi mwa katibu.