Fidia ya Aliyeumizwa: Haki, Msamaha na Ukweli

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya baada ya sala ya Isha)



Ndugu zangu waheshimiwa, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad s.a.w., napenda tuzungumze juu ya jambo linalozigusa nyumba nyingi. Mtu hugongwa na gari akivuka barabara, au mkono wake hukatwa na mashine kiwandani. Kazi imesimama, watoto hawana ada. Hapo hutokea wazee wenye nia njema wakamwambia: "Hiyo ni kadari, mwachie Mungu." Mwenye gari naye huleta fedha kidogo pamoja na karatasi ya kutia sahihi, na mambo yakaishia hapo.

Je, hivyo ndivyo dini ilivyotufundisha? Hasha! Kuamini kadari ni nguzo ya imani, lakini kadari haifuti haki ya mja. Katika Surat An-Nisaa, Mwenyezi Mungu ameagiza kwamba hata aliyemwua muumini kwa bahati mbaya, pasipo kukusudia, awalipe diya jamaa wa marehemu, isipokuwa wenyewe wakisamehe. Tazameni mpangilio huo: kwanza haki imethibitishwa, kisha msamaha umewekwa mikononi mwa wenye haki. Msamaha ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali. Asiyejua anadai nini hawezi kuambiwa amesamehe, huyo amenyang'anywa.

Sheria za nchi yetu nazo zimeweka njia. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko ambao michango yake hulipwa na mwajiri, wala mfanyakazi hakatwi mshahara. Aliyeumia kazini hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Vivyo hivyo, gari haliruhusiwi barabarani bila bima ya kuwakinga watu wengine. Aliyegongwa hupewa na polisi fomu ya PF3, nayo ikijazwa na daktari huwa ushahidi wa majeraha. Atunze nakala yake, stakabadhi za matibabu na majina ya mashahidi. Wala asilale: shauri la madhara yatokanayo na uzembe lina ukomo wa miaka 3.

Hapo ndipo wakili anapohitajika. Kampuni ya bima ina wataalamu wake; mgonjwa aliye kitandani hana. Lakini uwakili ni amana. Hakikisheni kwamba jina la wakili limo katika orodha ya mawakili wanaotambuliwa na Mahakama, kwani vishoka ni wengi. Makubaliano ya ujira yaandikwe, kama Surat Al-Baqara ilivyotuagiza kuandika madeni. Asiye na uwezo asikate tamaa, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewafikiria watu kama yeye. Na msitie sahihi karatasi isemayo kwamba madai yote yamekwisha kabla hamjasomewa na mjuzi.

Ndugu zangu, upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi. Mtume s.a.w. alitahadharisha kwamba huenda mmoja wetu akawa fasaha kuliko mwenzake, naye akamhukumia haki isiyo yake; basi amempa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi cha haramu, itakuwaje hukumu ya mahakama zetu? Anayejifanya kilema ilhali amepona, anayemlipa daktari aongeze majeraha, na anayekubali kuwa shahidi wa ajali asiyoiona, wote hao wanakula moto. Na wakili anayewafundisha uongo ni mshirika wao.

Na wewe uliyeumiza, usingoje kuburutwa mahakamani. Surat An-Nisaa imetutaka tuwe mashahidi wa haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu. Nenda kamwone majeruhi, kiri kosa lako, toa taarifa kwa bima yako. Kumkimbia uliyemvunja mguu, kisha ukaja kusimama safu ya mbele msikitini, ni kujidanganya.

Mwenyezi Mungu awaponye majeruhi wetu, awape mawakili waaminifu, na atujaalie tudai kwa ukweli, tulipe kwa moyo safi na tusamehe kwa hiari. Amin.